Kabla hujachora kiwanja hata kimoja kwenye shamba la kanisa

Ukipewa kazi ya kupanga mtaa wa nyumba nafuu kwenye ardhi ya kanisa, siku ya kwanza utaonyeshwa ukubwa wake. Utatembezwa ekari hizo zote, upite mwembe mzee na msingi wa jengo lililoachwa, na mzee wa kanisa atakunyooshea mkono hadi kwenye mikaratusi kule mwisho. Utaambiwa ardhi ipo, kilichobaki ni ramani. Nimefanya mipango miji Dar es Salaam na Pwani muda wa kutosha kukwambia kwamba ramani ndiyo kazi nyepesi kuliko zote katika shughuli hii. Uzito uko kwenye karatasi, na karatasi moja hasa ndiyo itakayoamua kama nyumba hizo zitabaki nafuu baada ya miaka kumi na mitano.

Omba kuona hati kwanza. Usikubali fotokopi ya ukurasa mmoja; omba yote, usome ukiwa umekaa. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, kwa hiyo kanisa kama mwananchi mwingine lina haki ya kuitumia kwa muda na kwa masharti. Hati itakuwa ya miaka 33, 66 au 99. Tazama jina lililoandikwa: mara nyingi hulikuti la usharika wala la parokia, unakuta Bodi ya Wadhamini ya dayosisi au ya jimbo, ile iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Baraza la wazee linaweza kupitisha azimio kwa kura zote na makofi, na bado lisiwe na mtu hata mmoja ndani ya chumba kile mwenye uwezo wa kusaini. Paroko huhamishwa, mchungaji hustaafu, na neno alilotoa mlangoni baada ya ibada huondoka naye. Taka barua ya wadhamini yenye mhuri kabla hujatoa hata senti ya mpima.

Kisha tazama matumizi. Kama hati inasema ibada au shule, utahitaji kuomba halmashauri ibadilishe matumizi kwa utaratibu wa Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na majirani watakuwa na nafasi ya kutoa pingamizi. Waendee mapema, wewe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wasije wakalikuta jambo kwenye tangazo. Hapohapo ulizia kodi ya pango la ardhi itakavyokuwa, maana kiwanja cha ibada na mtaa wa makazi havitazamwi kwa jicho moja.

Mwisho, hesabu miaka iliyobaki, jambo ambalo vijana wengi waliomaliza chuo juzi hulipita. Mkataba wa pango, ule ambao wadhamini watampa kila mwenye nyumba, huzaliwa na hati na hauwezi kuishi kuliko hati yenyewe. Hati ya miaka 33 iliyotolewa 2001 inaisha 2034. Mama anayeweka akiba yake yote kwenye nyumba juu ya ardhi hiyo anajenga juu ya miaka michache tu. Mwombeni mwenye hati aanze na kuihuisha, hata kama jambo hilo litasogeza mradi mbele na kuwaudhi wafadhili.

Baada ya hapo tembea shamba, na utembee na watu wa jirani, siyo na kamati peke yake. Ardhi ya kanisa haikai wazi. Utamkuta mama anayelima mchicha kwa ruhusa ya mchungaji ambaye hayupo tena, kijana mwenye banda la matofali, makaburi matatu ambayo hayamo kwenye ramani yoyote, na njia ya mkato ya wanafunzi. Waandike wote kabla ya kupiga hatua nyingine. Makaburi yaache yalipo, uyazungushie eneo la wazi. Na mwenye mchicha aingie kwenye orodha ya wanachama wa mwanzo wa mradi kama anataka, kwa sababu mtaa wa nyumba nafuu unaoanza kwa kumwondoa maskini aliyekuwepo umeshajipinga wenyewe.

Sasa ile karatasi itakayoamua: mkataba wa pango. Watu hudhani nyumba inakuwa nafuu kwa sababu ardhi imetolewa bure. Kweli, lakini ni nafuu kwa mnunuzi wa kwanza tu. Tuseme nyumba imemgharimu mwanachama milioni 20. Miaka minane baadaye lami imefika, stendi ya daladala imesogea karibu, na anatokea mtu na milioni 65 mkononi. Zile 45 za juu hazikutoka kwenye tofali. Zimeletwa na ardhi aliyotoa kanisa na barabara iliyojengwa kwa kodi. Kama mkataba hausemi kitu, mwanachama atauza, na hatuna haki ya kumlaumu, ana watoto wa kusomesha. Anayekuja baada yake atakuwa mtu wa milioni 65. Ukirudi baada ya muda utakuta mageti ya chuma na magari mawili mawili.

Dawa yake inajulikana: ardhi ibaki mikononi mwa wadhamini, mwanachama amiliki nyumba, na mkataba wa pango wa muda mrefu useme bayana akiuza anauza kwa nani na kwa hesabu gani. Huko Burlington, Marekani, wako kwenye kazi hii tangu 1984, na kanuni yao ni nyepesi: mwenye nyumba anapoondoka anarudishiwa alichoweka, na juu yake robo ya thamani iliyoongezeka. Kwa mfano wetu, robo ya 45 ni milioni 11 na robo, kwa hiyo anaondoka na takriban 31. Hakupunjika, na anayeingia hakukamuliwa. Mimi ningeongeza kwamba chumba alichokiongeza mwenyewe kihesabiwe pembeni, apate gharama yake kamili, la sivyo hakuna atakayepiga hata rangi. Karibu na kwetu, wakazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni pale Voi, Kenya, walichagua njia ya namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1990: ardhi ni ya pamoja chini ya wadhamini, nyumba ni ya mtu. Waliogopa, na kwa haki, kwamba hati za mmoja mmoja zingeishia kwa wanunuzi. Kilichowachosha ni usajili, maana sheria ya nchi haikuwa na mlango mmoja ulioandaliwa kwa jambo hilo, ikabidi waunganishe vipande vya sheria kadhaa. Na wewe jiandae hivyo hivyo, utafute wakili mvumilivu.

Kipengele cha mirathi kiandikwe siku hiyo hiyo. Majina ya mume na mke yote mawili yawemo kwenye mkataba. Nimeona mjane akiulizwa na mashemeji "wewe hapa ni nani" mbele ya maiti ambayo bado haijazikwa, na kamati haikuwa na karatasi ya kumjibia.

Kuhusu nani aingie, utasikia sauti za kutaka nyumba ziwe za waumini tu. Uliza swali moja kwa upole: mtu akihama dhehebu, mtamtoa ndani? Ukishauliza hivyo, mjadala kwa kawaida hupoa. Vigezo viwe kipato, ukaazi wa eneo lile, na mahudhurio ya kuweka akiba. Sheria ndogo za mtaa nazo zizungumzwe wazi, kwa sababu Waislamu watakuwemo na walokole watakuwemo: baa, kitimoto, mifugo, muziki. Mkesha wa spika hadi alfajiri nao uingizwe kwenye orodha hiyo. Kanisa likae kwenye meza kama jirani mwenye majukumu. Kwenye chombo cha maamuzi mimi hupendelea theluthi moja wakazi, theluthi wadhamini, theluthi watu wa nje wenye ujuzi na wa serikali ya mtaa, ili pasiwe na upande unaoweza kuburuza wengine peke yake.

Wakazi wenyewe wajisajili kama chama cha ushirika wa nyumba chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, na waanze kuweka akiba kabla ya kuona mchoro wowote. Mchoro mzuri wa rangi huvuta watu ambao hawatakuja kikao cha pili.

Ukifika kwenye kuchora, acha kompyuta ofisini. Chukua kamba, vigingi na majivu, uwanja wa kanisa unatosha. Chora nyumba kwa ukubwa wake halisi, watu waingie. Hapo ndipo mama mmoja atakapouliza kitanda chake cha futi tano kwa sita kitakaa wapi. Walaze chini kanga mbili kuonyesha kitanda, mlango uigizwe kwa fimbo, na wote mtaona kwamba mlango hauwezi kufunguka. Kwenye karatasi chumba kile kilikuwa kimekidhi kiwango. Mwingine atauliza jiko la mkaa litawekwa wapi mvua ikinyesha, na utagundua kwamba baraza la nyuma ulilolikata ili kupunguza gharama ndilo chumba kinachotumika kuliko vyote.

Viwanja vidogo vinakubalika ukivitetea vizuri. Chamazi, Dar es Salaam, watu waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari walinunua ekari 30 kupitia shirikisho lao la watu wa kipato cha chini, na wakakubaliana na manispaa wapate viwanja vidogo kuliko kiwango cha kawaida cha wakati ule. Walijenga nyumba za kukua kwa hatua, na maji taka wakayasafisha kwa mfumo wa pamoja wenye kitanda cha mimea badala ya kila nyumba kuchimba shimo lake. Kasoro ilikuwa umbali. Aliyekuwa akipata riziki ya kila siku jirani na bandari, nauli ilimla. Kwa upande huu shamba la kanisa mara nyingi lina bahati: misheni za zamani zilikaa mahali ambapo leo ni katikati ya watu. Kama lako liko mbali, uliza kwanza nauli ya kwenda sokoni na kurudi, uiongeze kwenye gharama ya nyumba kila mwezi, ndipo useme ni nafuu.

Kwa ujenzi sitasema mengi. Matofali ya kufungamana ambayo NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi, wamekuwa wakiyatangaza yanapunguza saruji, mradi fundi amefundishwa na udongo umepimwa. Chumba kimoja na choo vilivyopauliwa ni bora kuliko boma la vyumba vitatu lililosimama bila bati kwa miaka.

Jambo ambalo hakuna atakayekuuliza ni nani atazibua mitaro wakati wa masika, na kwa pesa ipi. Weka mchango wa matengenezo kwenye mkataba wa pango tangu mwezi wa kwanza, hata kama ni elfu mbili, na uwe kwenye akaunti tofauti na ile ya usharika, yenye watia saini watatu, mmoja wao mkazi asiye kiongozi wa kanisa. Taarifa ya akaunti hiyo ibandikwe kila mwezi kwenye ubao wa mtaa, siyo ule wa kanisani, kwa sababu wengine hawatapita kule.