Jibu: Wiki moja jangwani Marekani kwa gari

Mkuu, umeuliza kama siku 7 za mwezi wa 7 zinatosha kuanzia Las Vegas upite bonde la Death Valley, hifadhi ya Zion, korongo la Grand Canyon mpaka mji wa Moab. Kwa mbio zinatosha, ila utakuwa dereva tu, hutaona kitu. Mimi ningekata Moab, na Death Valley mwezi wa 7 achana nayo kabisa, pale ndo walipima joto la nyuzi 56.7 za Selsiasi mwaka 1913, we fikiria unapata pancha saa nane mchana.

Fanya hivi, Vegas nenda Zion ni kama masaa matatu hivi, lala siku mbili, halafu mji wa Page usiku mmoja, Monument Valley mmoja, umalizie Grand Canyon upande wa kusini mbili ndo urudi Vegas. Korongo la Antelope Canyon pale Page huingii bila mwongoza watalii wa Kinavajo (kabila la wenyeji wa asili wa huko) so weka nafasi mapema.

Sasa kuna kitu kilinitesa, saa. Jimbo la Arizona hawasogezi saa mbele lisaa kiangazi ila ardhi ya Wanavajo wanasogeza, simu yangu ikawa inaruka mbele inarudi nyuma njia nzima, nikafika kwenye ziara niliyolipia nimechelewa lisaa na hela imeenda hivo. Uliza kabisa wanafuata saa ipi.

Wese jaza likifika nusu, usisubiri taa iwake, sheli ziko mbalimbali mno. Maji weka galoni kadhaa kwenye buti, na ramani daunilodi kabisa maana netiweki inakata sana huko.