Mtandikie chatu gazeti

Mdogo wangu unayeanza kuhudumia nyoka hapa Mtwara, kibali cha wanyamapori ukishakipata, usikimbilie kulifanya banda lifanane na pori. Jiulize kwanza: akinya usiku, asubuhi nitakiona kinyesi?

Mimi nilianza kwa mbwembwe. Nilibeba ndoo mbili za mchanga wa ufukweni Shangani, nikamwaga, banda likapendeza kweli. Wiki ya pili likanuka, nami sijui uchafu uko pembe ipi. Siku ya kumlisha, panya aliyelowa akagaagaa mchangani na chatu akammeza hivyo hivyo. Mchanga wote niliutoa kwa kopo, jasho linanitoka.

Tangu hapo natandika magazeti ya zamani, tabaka tatu au nne. Madukani huuzwa kwa kilo, ya kufungia. Uchafu unauona ukiwa mlangoni: kinyesi, na mkojo wake unaotoka kama chaki iliyoloana. Unakunja, unatupa, basi. Hata utitiri hujionyesha, vidoa vyeusi vinavyotembea. Ubaya wa gazeti ni kulowa, hasa wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili. Nyoka akilalia majimaji siku kadhaa, magamba ya tumbo huanza kuoza. Kwa hiyo bakuli la maji liwe zito, asilipindue.

Ukitaka cha kudumu, kata kapeti la plastiki vipande viwili vya kuenea sakafu. Kimoja ndani, kingine juani. Sugua kwa sabuni, pitisha klorini sehemu 1 kwa maji 10, suuza mpaka harufu iishe.

Maranda ya seremala ni ya bure, ndiyo maana wengi huyakimbilia. Muulize fundi ni mbao gani. Paini ina utomvu wa harufu kali unaosumbua mapafu ya nyoka, na mbao nyingine zimetiwa dawa ya mchwa. Akikujibu "mchanganyiko", mshukuru uondoke. Maganda ya korosho usiyaguse kabisa, hata kama yamejaa uani kwenu. Mafuta yake huunguza ngozi. Muulize mama yeyote aliyebangua kwa mkono.

Usumba wa nazi nautumia kwa kazi moja tu. Macho ya chatu yakiingia ukungu wa bluu, naloweka usumba, naukamua, nauweka kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa mlango, naiingiza bandani. Humo hujivua gamba zima, kama soksi. Usumba wenyewe natupa, siuoshi.