Maswali ya Wasomaji: Saratani ya Wapi, na ya Aina Gani?

Barua nyingi zilizotufikia zinataja kiungo kilichoshikwa: titi, mapafu, mlango wa kizazi. Chache mno zinataja aina ya saratani yenyewe, nayo ndiyo siku hizi inayoamua dawa. Mtaona tunairudia hoja hiyo katika majibu kadhaa.

SWALI: Nina miaka 46. Nimekutwa na uvimbe kwenye titi la kushoto na daktari anataka kutoa kinyama kwa sindano. Wifi yangu anasema saratani ikichokonolewa inasambaa. Nikubali? Na mbona naambiwa majibu yatachukua hadi wiki mbili?

JIBU: Kubali, dada, na usichelewe. Ni kweli sindano inaweza kuburuta seli chache kwenye njia yake, lakini kwenye titi, seli nyingi kati ya hizo hufa hapo hapo, na zitakazosalia zitakutana na upasuaji, mionzi au dawa. Anayeonekana kuzidiwa baada ya kutolewa kinyama mara nyingi alifika saratani ikiwa imeshatembea. Upo uvimbe usiodungwa ovyo. Wa korodani huondolewa pamoja na korodani yenyewe kupitia kinena, na wa mfupa hudungwa baada ya daktari atakayeupasua kukubali njia ya sindano. Titi halimo katika kundi hilo.

Uliza ni sindano gani. Nyembamba hunyonya seli zilizotawanyika; inaweza kuonyesha kuwa kuna seli mbaya, ikashindwa kuonyesha kama zimevunja ukuta wa mfereji wa maziwa na kuingia nyama ya jirani. Unayoihitaji ni ile nene inayokata, ambayo hutoa vipande vyembamba kama njiti ya kiberiti, kwa kawaida vinne au zaidi, ukiwa umepigwa ganzi, na ikiwezekana daktari akiongozwa na altrasaundi.

Baada ya hapo ndipo mengi huharibika. Kinyama kinatakiwa kizamishwe kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze) ya asilimia 10 ndani ya saa moja, dawa iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama, na kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Kikiachwa mezani, protini huanza kuoza, na maabara husoma kuwa vipokezi, yaani protini za seli ambazo homoni hujishikiza, havipo kumbe vilikuwepo. Kosa dogo la chupa linaweza kumnyima mgonjwa dawa ambayo ingemfaa kwa miaka. Kama ni ndugu yako atakayepeleka chupa, aipeleke siku hiyo hiyo. Jina, upande wa titi na saa ya kutolewa kinyama viandikwe kwenye chupa yenyewe, kwa sababu vifuniko hubadilishana.

Sasa hizo wiki mbili. Kinyama hukaushwa maji, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba mno, hutiwa rangi na kusomwa. Saratani ikithibitika, vinafuata vipimo vitatu: kipokezi cha homoni ya estrojeni (ER), cha projesteroni (PR), na HER2, protini inayoisukuma seli kukua. ER ikionekana kwenye asilimia 1 ya seli au zaidi, huhesabiwa kuwa ipo, na vidonge vya kuzuia homoni, kama tamoksifeni, huingia kwenye mpango kwa miaka 5 hadi 10. HER2 hupewa alama kuanzia 0 hadi 3+. Alama ya 3+ inafungua mlango wa trastuzumabu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Alama ya 2+ bado si jibu: jeni zenyewe zihesabiwe kwa kipimo cha FISH. Alama ya 1+ zamani ilichukuliwa sawa na kukosa kabisa. Tangu mwaka 2022 ipo dawa, trastuzumabu derukstekani, kwa baadhi ya wenye alama hiyo ambao saratani yao imesambaa. Kwa hiyo omba ripoti iandike alama yenyewe, isiishie kwenye neno "hasi". Bila vipimo hivi vitatu ripoti yako ni nusu, na tiba ikipangwa juu yake, inapangwa kwa kubahatisha.

SWALI: Nina miaka 34 na ninaishi na VVU. Nilishapimwa mlango wa kizazi kwa siki. Sasa kuna kipimo cha HPV ambacho naambiwa ninaweza kujichukulia mwenyewe. Kweli kinaaminika? Na nikikutwa navyo, ina maana mume wangu ametoka nje?

JIBU: Kinaaminika, na kwako ni bora kuliko siki. Saratani hii husababishwa na virusi vya papiloma, yaani HPV. Aina mbili, ya 16 na ya 18, zinabeba karibu asilimia 70 ya wagonjwa wote. Harald zur Hausen, aliyefichua uhusiano huo miaka ya 1980, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kipimo cha siki hupaka asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5 na kungoja angalau dakika moja ili sehemu yenye kasoro igeuke nyeupe. Kinategemea jicho la mpimaji, na baada ya kukoma hedhi eneo linalotakiwa kuonekana hujificha ndani ya mlango. Kipimo cha HPV hutafuta vinasaba vya virusi vyenyewe, na ndicho Shirika la Afya Duniani lilichokitanguliza katika mwongozo wa mwaka 2021. Kwa mwenye VVU kianze akiwa na miaka 25 na kirudiwe kila baada ya miaka 3 hadi 5. Kwa wengine ni kuanzia miaka 30, kila miaka 5 hadi 10.

Ukijichukulia, subiri hedhi iishe. Nawa mikono. Shika kijiti cha pamba bila kugusa ncha, kiingize taratibu ukeni hadi kwenye alama iliyochorwa, kizungushe sekunde 20 hadi 30, kitoe na ukitumbukize kwenye chupa yake. Huna haja ya kuufikia mlango wa kizazi. Kinachoharibu sampuli ni ncha kugusa vidole au meza, kifuniko kutofungwa vizuri, na chupa kukosa jina.

Kukutwa na virusi si kukutwa na saratani. Kwa mwanamke mwenye kinga ya kawaida, seli huchukua miaka 15 hadi 20 kugeuka saratani. Kinga ikiwa dhaifu na haijatibiwa, miaka 5 hadi 10. Ndiyo maana vidonge vyako vya VVU ni sehemu ya kinga hii pia. Ukikutwa navyo, utaangaliwa mlango. Palipobadilika hupata tiba ya joto: kifaa chenye nyuzi 100 hugusishwa kwa sekunde 20 hadi 30 au zaidi. Badiliko likiingia ndani ambako jicho halifiki, joto halitoshi. Sehemu hiyo hukatwa kwa waya wa umeme na kupelekwa maabara. Baada ya tiba ya joto utatokwa majimaji kwa wiki kadhaa. Usifanye ngono angalau wiki 4, na urudi kupimwa baada ya miezi 12. Usipuuze kurudi huko, maana kwa wenye VVU badiliko hujirudia mara nyingi zaidi.

Kuhusu mume: virusi hivi hukaa kimya miaka mingi. Kipimo hakiwezi kusema vimetoka kwa nani wala lini. Tafadhali usikitumie kumhukumu mtu.

SWALI: Baba anapata tibakemikali kila baada ya wiki tatu. Akipata homa, tumpe panadoli tusubiri asubuhi?

JIBU: Msisubiri. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria hushuka kabisa. Zikiwa chini ya 500 kwa mikrolita, maambukizi yanaweza kuua ndani ya saa chache, bila usaha wala kikohozi, kwa kuwa hata usaha hutengenezwa na chembe hizo hizo. Wakati mwingine homa ndiyo dalili pekee.

Wekeni kipimajoto nyumbani na mpime kinywani. Kwapa husoma chini kidogo. Nyuzi 38.3 mara moja, au 38 zikidumu saa nzima, ni safari ya hospitali, hata saa nane usiku. Panadoli kabla ya kupima huficha homa na kuwapotezea muda. Msipime njia ya haja kubwa wala kuweka dawa huko, maana mchubuko mdogo hugeuka mlango wa bakteria. Mkifika, neno la kwanza liwe: yuko kwenye tibakemikali, dawa ya mwisho ilikuwa tarehe fulani. Antibiotiki za mshipa zinatakiwa ziingie ndani ya saa moja, mara damu ya kuotesha bakteria maabara ikishachukuliwa, bila kungoja majibu yake. Akitetemeka kwa baridi au akichanganyikiwa bila homa, nendeni vile vile.

SWALI: Kuna kipimo kimoja cha damu kinachogundua saratani zote?

JIBU: Hakuna cha kutegemewa peke yake. PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, hupanda kwa saratani ya tezi hiyo, lakini pia tezi ikikua kwa umri, ikiambukizwa, au mtu akimwaga manii ndani ya siku mbili kabla ya kupimwa. CA-125, inayotumika kwa saratani ya ovari, hupanda pia kwa hedhi na kwa kifua kikuu cha tumbo. Kinacholeta matumaini zaidi ni kusaka vipande vya vinasaba ambavyo uvimbe humwaga kwenye damu. Kwa saratani ya mapafu tayari kinasaidia kuchagua dawa pale kinyama kinapokuwa kidogo. Lakini uvimbe mdogo humwaga vipande vichache mno, hivyo saratani changa, ile tunayoitaka hasa, ndiyo inayopita bila kuonekana. Jibu safi halifuti uvimbe unaoushika kwa mkono.

SWALI: Tiba ya kuamsha kinga inafaa kila saratani?

JIBU: Hapana. Seli za kinga zina breki, na saratani hujifunza kuzikanyaga. James Allison na Tasuku Honjo, waliozifafanua breki mbili za aina hiyo, walipata Nobel mwaka 2018; dawa ya kwanza ya kuziachia, ipilimumabu, iliidhinishwa mwaka 2011. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha pembrolizumabu kwa uvimbe wenye kasoro ya kurekebisha makosa ya vinasaba, uwe wa utumbo, wa kizazi au wa pengine. Ilikuwa mara ya kwanza dawa ya saratani kuidhinishwa huko bila kutazama kiungo. Basi ulizeni kama kipimo cha kasoro hiyo, na cha PD-L1 (protini ambayo saratani huitumia kukanyaga breki), vimefanywa.

Breki ikiachiwa, kinga inaweza kushambulia utumbo, mapafu, ini au tezi ya shingo, hata miezi baada ya dawa kusimamishwa. Ukiharisha hadi kwenda choo safari nne au zaidi juu ya kawaida yako kwa siku, au ukiishiwa pumzi bila sababu inayoelezeka, mwone daktari siku hiyo hiyo. Mara nyingi tiba yake ni steroidi, na kuchelewa kunaweza kutoboa utumbo.

SWALI: Nimehamia hospitali nyingine. Lazima nitolewe kinyama upya?

JIBU: Mara nyingi hapana. Maabara ya kwanza huhifadhi kwa miaka vibonge vya nta vyenye kinyama chako. Omba kwa maandishi vibonge, pamoja na vioo vyenye vipande vilivyosomwa, viazimwe, na chukua nakala ya ripoti. Ila saratani ikirudi au ikitokea kiungo kingine, kubali kinyama kipya: vipokezi hubadilika, na dawa iliyofaa mwanzo inaweza isiwe na pa kushika tena.