Kabla Hujaiita Spishi Mpya: Foraminifera wa Udongo wa Kilwa

Udongo wa mfinyanzi wa Pande, wilayani Kilwa, ulitua kwenye sakafu ya bahari yenye kina cha mamia ya mita, zaidi ya miaka milioni 33 iliyopita. Haupitishi maji kirahisi, ndiyo maana maganda ya chokaa ya foraminifera, viumbe vidogo vya baharini vyenye seli moja, yanang'aa ndani yake kama kioo hadi leo. Hazina ya namna hii ni adimu duniani, na inaharibika ukiosha ovyo.

Chimba mpaka udongo wa kahawia uishe, ukute wa kijivu chenye ukijani. Ule wa juu maji ya mvua yameshalamba chokaa yake. Sampuli usiiache mbichi kwenye mfuko: mfinyanzi huu una chembe za piriti, madini ya chuma na salfa, na piriti ikikutana na unyevu wa pwani yetu hutoa asidi ya salfa inayotafuna maganda. Ikaushe mapema, kwenye oveni isiyozidi nyuzi 50.

Pima gramu 50, loweka kwenye maji usiku kucha. Udongo uliokauka vizuri huvunjika wenyewe. Ukigoma, ongeza kidogo sodiamu heksametafosfeti, kemikali inayotawanya chembe za mfinyanzi. Osha juu ya chekecheke la mikroni 63 kwa maji ya taratibu hadi yatoke meupe. Usisugue kwa kidole, utavunja miiba ya maganda.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza: chekecheke. Kila baada ya sampuli, lioshe kisha lichovye kwenye bluu ya methilini. Ganda lililonasa kwenye nyavu litageuka bluu, na ukilikuta kwenye sampuli inayofuata utajua ni mgeni. Bila rangi hiyo, mgeni huyo ndiye atakayekufanya utangaze ugunduzi. Kwa vipande vya mwamba vinavyotoka kwenye uchimbaji wa visima vya gesi tahadhari ni kubwa zaidi, kwani vya tabaka za juu huporomoka na kuchanganyika na vya chini.

Sasa okota kwa brashi nyembamba iliyoloweshwa, upange kwenye slaidi nyeusi. Ganda moja halitoshi kabisa. Tafuta walau 30, wadogo kwa wakubwa, uwapange kwa umri, maana mtoto wa spishi moja hufanana na mkubwa wa nyingine. Tazama kila ganda pande tatu: hesabu vyumba vya mzunguko wa mwisho, angalia mdomo ulipo, kisha matundu ya ukuta kwa hadubini ya elektroni. Hantkenina, foraminifera mwenye miiba, akikatika miiba huonekana kiumbe kingine. Tafuta vishina vya miiba hiyo. Na kwa kuwa kutoweka kwake ndiko kunakoweka mwisho wa kipindi cha kijiolojia cha Eosini, miaka milioni 33.9 iliyopita, ukimkuta kwenye tabaka changa zaidi shuku uchafuzi, au mashapo ya zamani yaliyosombwa upya.

Tofauti ikibaki katika maganda yote, chagua holotaipu, yaani ganda moja litakalobeba jina la spishi, na uihifadhi kwenye makumbusho yenye namba za kumbukumbu. Foraminifera hufuata kanuni za majina ya wanyama. Lakini ukikutana na kokolithi, vigamba vidogo vya chokaa vya mwani, hizo hufuata kanuni za majina ya mwani na mimea, na maelezo yake rasmi lazima yawe kwa Kilatini au Kiingereza, hata kama ya Kiswahili utayaweka kando yake.