Waridi la Mombasa halichaguliwi kwa macho

Ijumaa mbili zilizopita tulimwoza mpwa wangu. Vikuba vyote vya siku ile, vile vishada vya maua ya kunukia, vilitiwa waridi la uani kwangu. Asumini tulinunua, mkadi tuliletewa kutoka Likoni, lakini waridi, kila petali, lilitoka kwenye mapipa yangu sita hapa Kisauni. Nikapiga picha, nikaziweka hapa kwenye ukurasa wangu. Maneno mazuri yalikuja mengi, mashallah, na moja likaja la kunichoma: "Hayo si yako. Ya Naivasha hayo, yameshuka na basi la usiku. Mombasa haioti waridi."

Aliyeandika si mgeni. Amekula pilau yangu. Na kinachouma zaidi ni kwamba miaka sita nyuma angekuwa amesema kweli.

Miaka sita nyuma nilikuwa ndiyo kwanza nimepata uani. Nilitoka kwenye chumba cha ghorofa ya tatu Majengo, ambako bustani yangu ilikuwa mrehani mmoja dirishani. Siku ya kwanza ya uani nilikwenda kitalu cha kando ya barabara, nikaona miwaridi imechanua, rangi ya papai bivu, petali zimefungana kama kabichi. Nikanunua minne. Muuzaji akaniapia: "Mama, hii inavumilia." Yule muuzaji naye, Mungu anamwona.

Kufikia mwezi wa tatu majani mapya yakawa ya njano, mishipa yake tu ndiyo ya kijani. Nikarudi kuuliza, nikaambiwa ongeza mbolea. Nikaongeza. Kingo za majani zikaungua kama karatasi iliyokaribishwa mshumaa. Nikanunua mingine, ikafa. Mingine tena. Kwa miaka miwili nilizika miwaridi kumi na mmoja, na mume wangu akirudi kazini alikuwa akiuliza mlangoni, "Mama Saumu, leo maziko saa ngapi?" Nilicheka naye. Usiku nililia, sioni haya kusema.

Kosa langu lilikuwa kuchagua kwa macho. Maua yale ya petali nene yamezoea kulimwa Naivasha, zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, usiku wake wa baridi, tena ndani ya mabanda ya plastiki. Ukiuleta mmea kama huo Mombasa, usiku haupati nafasi ya kupumua. Ua huwa dogo, petali hupungua, na linalochanua asubuhi jioni limemwagika.

Halafu kuna ardhi. Chini yetu ni matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Mwaridi unapenda udongo wenye uchachu kidogo. Kwenye chokaa madini ya chuma yamo lakini mizizi haiwezi kuyachukua, ndiyo ile njano yenye mishipa ya kijani. Na maji yangu yalikuwa ya kisima, yana chumvi, ndiyo kule kuungua kwa kingo. Mbolea niliyoambiwa niongeze ilikuwa chumvi juu ya chumvi.

Nikajaribu kupigana na ardhi yenyewe. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika, ndoo kwa ndoo. Hayakufanya lolote, msidanganywe. Kule Bamburi wenye kiwanda cha saruji walianza mwaka 1971 kupanda mivinje kwenye machimbo ya matumbawe, na majongoo ndio waliosaga majani yake yakawa udongo. Kazi ya ajabu, nendeni mkaione. Lakini mimi sina miaka hamsini wala jeshi la majongoo. Nikaacha ardhi, nikapanda kwenye mapipa yaliyokatwa nusu na kutobolewa chini.

Na mwaridi wenyewe? Nilikwenda kumwangalia nyanya mdogo, dada wa nyanya yangu, huko mtaa wa Kuze. Uani kwake, ndani ya debe la samli lililooza kutu, palikuwa na mwaridi mmoja. Ua dogo, waridi hasa kwa rangi, petali chache tepetepe, lakini harufu yake ilinipokea tangu ukumbini. Nikamuuliza ni wa aina gani. Akaniangalia kama niliyeuliza jina la bahari. "Huo? Huo nimeukuta." Bibi wa miaka themanini na kitu ameukuta! Hakuna aliyeutilia dawa, hakuna aliyeupogoa ila mbuzi.

Akanikatia vijiti vitatu, unene wa kalamu, urefu wa shibiri. Nikatoa majani ya chini, nikazamisha vifundo viwili udongoni, nikafunika kila kimoja kwa chupa ya maji iliyokatwa, nikaviweka kivulini. Viwili vikaoza. Kimoja kikashika. Mapipa yote sita ni watoto wa kile kimoja.

Basi nisikilizeni, shoga zangu, na nyinyi kaka mnaosoma kimyakimya. Kabla ya kufungua mkoba kitaluni, tembea. Angalia uani kwa wazee, Mji wa Kale, Kibokoni, popote penye debe la kutu. Mwaridi uliokaa Mombasa miaka arubaini umeshakujibu maswali yako yote. Ukiwa lazima ununue, ukimbie ule wa petali kama kabichi. Watu wa Florida, wenye joto na unyevu wa kutujua, husifu miwaridi ya zamani ya ukoo wa China kama Old Blush na Louis Philippe, na mingine huiunganisha juu ya shina la mwaridi mwingine uitwao fortuniana. Hawashindani na hali yao ya hewa. Sisi kwa nini tushindane?

Udongo wangu ni mwekundu wa kuletewa, samadi iliyooza sawasawa, na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Makumbi yaosheni mara tatu kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu mengi huwa yamelowekwa baharini kwa ajili ya kamba. Matumbo ya samaki msitie. Mimi nilitia, na usiku ule paka wa mtaa mzima walifanya harusi yao ndani ya pipa la pili.

Maji ya mvua nakinga, yakiisha nanunua mtungi, ya kisima nafulia. Namwagilia asubuhi, shinani. Jani likikaa na maji kwa muda wa saa saba hivi, ukungu wa madoa meusi umeshaingia, na wakati wa masika huna hila ila kuokota majani yaliyoanguka na kuyachoma. Mapipa yako nyuma ya ukuta, upepo wa Kusi usiyapige na chumvi ya bahari, na jua yanalipata mpaka saa saba mchana, basi. Kaskazi ikikauka, utitiri mwekundu huja chini ya majani. Twanga mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza alfajiri.

Kwa ajili ya harusi nilihesabu kinyumenyume. Baada ya kupogoa, mwaridi kwangu huchukua wiki sita au saba kuchanua, kwa hiyo nilishika mkasi katikati ya Septemba, siku ambayo wifi yangu alipita akasema nimeingiwa na wazimu, miti mizima naikata. Alfajiri ya harusi tulichuma sinia mbili. Nyanya mdogo aliletwa kwa tuktuk, akashika kikuba, akanusa, akasema, "La kwetu hili." Hakuuliza kitu kingine.

Na wewe uliyeandika yale maneno, nimekukatia vijiti viwili. Vimo chini ya ngazi, kimoja kimeshatoa jani. Njoo ukichukue, ila pipa uje nalo mwenyewe.