Kabla Hujatia Saini Udhamini wa Mbio za Mbwa

Kila mwezi Machi hapa Anchorage, jimbo la Alaska, Marekani, timu za mbwa wa kuvuta sleji, yaani kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, huanza mbio za Iditarod, takriban kilomita 1,600 hadi mji wa Nome, kwenye pwani ya Bahari ya Bering. Kazini nimekuwa miongoni mwa wanaopitia maombi ya udhamini, na maombi ya wenye mbwa hupendeza sana: mbwa wamevalishwa viatu vya kitambaa, wamechangamka, theluji inang'aa.

Ushauri wangu ni kwamba uanzie bandani, sio kwenye mbio. Mbio zenyewe huisha ndani ya wiki mbili. Miezi mingine yote mbwa yuko wapi? Katika mabanda mengi amefungwa mnyororo kando ya kijumba chake. Omba kwenda kuona, hasa kiangazi, wakati hakuna wapiga picha. Uliza mbwa ni wangapi na wanahudumiwa na watu wangapi. Kisha uliza aliyezeeka au kuumia hupelekwa wapi. Anayewajali mbwa wake atakutajia majina yao na nyumba zilizowachukua, bila kufikiri. Akizungukazunguka, mimi ombi lake huliweka kando.

Utaambiwa kwamba njiani kuna madaktari wa mifugo, na kwamba kila timu hulazimika kupumzika saa 24 mara moja na saa 8 mara mbili. Ni kweli. Hata hivyo mwaka 2024 mbwa watatu walikufa mbioni, na mwaka 2019 mbwa aitwaye Oshi alifika Nome akafa baadaye kwa nimonia. Kanuni hizo hazipunguzi umbali wala haraka ya kushinda, na hapo ndipo mapafu na tumbo la mbwa huumia.

Benki ya Wells Fargo ilijitoa kwenye udhamini wa mbio hizi mwaka 2017, shirika la ndege la Alaska Airlines 2020, na kampuni ya mafuta ya ExxonMobil ikatangaza mwaka 2021 kwamba nayo inaacha. Sawa, lakini kujitoa kimyakimya hakumfungui mbwa mnyororo. Kama kampuni yenu tayari imo, andikeni masharti kwenye mkataba: banda litembelewe bila taarifa, majibu ya uchunguzi wa kila kifo yatangazwe, na sehemu ya fedha iwatunze mbwa waliostaafu. Wakikataa, ondokeni na mseme wazi kwa nini.

Nawe uliye mteja tu, iandikie kampuni barua fupi, utaje sharti moja unalotaka. Barua za namna hiyo husomwa vikaoni. Nimewahi kuzisoma kwa sauti mbele ya wakubwa, na bajeti ikajadiliwa upya.