Hao ndugu zake tuwaache kwanza

Swali lenu la wiki hii linasema: je, ni lazima Mkristo aamini kwamba Maria alibaki bikira maisha yake yote? Nimelisoma nikacheka peke yangu, halafu nikakasirika, maana majibu mtakayopata nayajua. Walokole watawaletea Marko 6:3, ndugu zake Yesu, Yakobo, Yose, Yuda na Simoni, na dada zake juu. Wakatoliki watasema hao ni binamu, Waorthodoksi watasema hapana, ni watoto wa Yusufu, alikuwa mgane alipomposa Maria. Ubishi huo upo tangu mwaka 383 hivi, mwandishi mmoja Mkristo, Helvidius, aliposema ni watoto wa Maria na Yusufu wa kuwazaa kabisa, Hieronimo, yule mtafsiri wa Biblia ya Kilatini, akamshukia kwa kitabu kizima, na hakuna aliyehama upande wake mpaka leo.

Mimi ni Mlutheri niliyeolewa na Mkatoliki. Kwangu mimi ndugu ni ndugu, na Mathayo 1:25 ikisema Yusufu "asimjue kamwe hata alipomzaa mwanawe" mimi naelewa kwamba baada ya hapo waliishi kama mke na mume. Najua wenzetu wanavyoujibu huo mstari, msinitumie, nimeshajibiwa sana na mama mkwe. Na kuzaliwa kwa Yesu bila baba wa kibinadamu siyo tunachobishania hapa, hilo tunalikiri wote kwenye kanuni ya imani, hata Waislamu wanaliamini, Maryam ana sura yake nzima kwenye Kurani. Wapo wanateolojia wa Kikristo waliolikataa, Emil Brunner mmojawapo, Karl Barth naye akalitetea, ila hao tuwaache. Na jamani, Kukingiwa Dhambi ya Asili ni kitu kingine kabisa!! Hiyo inahusu Maria mwenyewe alivyotungwa tumboni mwa mama yake, Papa Pius wa 9 ndo aliitangaza 1854, lakini kila Desemba watu wazima wanaichanganya.

Swali langu mimi ni hili: kwa nini tukianza kuujadili ubikira wa Maria, anayetoka hapo amechafuka ni mwanamke aliyeolewa?

Nasema hivyo kwa sababu ya semina moja. Tulikuwa akina mama wa makanisa tofauti tunajiandaa na maombi ya wanawake duniani, yale ya Ijumaa ya kwanza ya Machi, na tukaletewa mwalimu mgeni. Kanisa lake silitaji, niseme tu ni la Kiprotestanti na kuhusu ndugu wa Yesu anaamini kama mimi. Somo lilikuwa Maria kama kielelezo cha mwanamke. Akaanza vizuri tu, Luka 1, malaika, utii, tukawa tunaandika. Halafu sijui nini kilimpata, akaacha Biblia akaanza kutembea kati ya viti, akasema Mungu alimchagua bikira kwa sababu Mungu ni msafi na hawezi kupita palipopitwa na mwanaume. Akairudia, maana aliona imetulia. Kisha akaongeza, "Baada ya kumzaa Yesu, Maria akawa mwanamke wa kawaida tu, kama nyie."

Kama nyie. Ukumbi mzima wa wake za watu.

Jirani yangu akafunga daftari. Mimi nikabaki na kalamu hewani, nikamwangalia mchungaji wetu, mchungaji akaangalia dari. Ndo akanyanyuka mama mmoja mzee pale mbele, mkoba kaukumbatia, wakamletea maiki akaikataa kwa mkono, akasema, "Mwalimu, mimi nimezaa tisa. Huyo Roho Mtakatifu mnayeniombea anishukie kila Jumapili, huwa anapita wapi?"

Kicheko kilichotoka pale sijakisikia kanisani tena. Mwalimu akavua miwani akaifuta, akasema swali zuri mama, akafunua kurasa muda mrefu mno kwa mtu aliyekuwa anatembea bila Biblia, hatimaye akasoma Waebrania 13:4, "Ndoa na iheshimiwe na watu wote, na malazi yawe safi." Mama hakukaa. "Sasa malazi yakiwa safi, Maria amekuwa wa kawaida kwa kipi?" Mwalimu akasema muda umetubana.

Akainuka dada mmoja Mkatoliki, mpole, kila tukikutana huwa haongei kabisa. Akasema sisi hatusemi hivyo mwalimu, kwetu ndoa ni sakramenti, moja kati ya saba, haiwezi kumchafua mtu. Akasema kikombe cha misa hakinywewi chai, na siyo kwamba chai ni chafu, ni kwamba kikombe kimeshatolewa kwa kazi moja. Mama mzee akamgeukia, "Basi si ungefundisha wewe tangu asubuhi," akakaa.

Sikukubaliana na ile hoja ya kikombe na bado sikubaliani, Maria siyo chombo, ni mke wa mtu. Ila niliporudi nyumbani nikaanza kusoma, na nikakuta swali la yule mama lina umri mkubwa kuliko makanisa yetu yote ya Kiprotestanti. Kulikuwa na mtawa Roma anaitwa Jovinianus, alifundisha kwamba bikira, mjane na mke wa mtu waliobatizwa wana stahili ileile mbele za Mungu kama matendo yao mengine yanalingana, na akakataa pia kwamba Maria alibaki bikira wakati wa kuzaa. Mwaka 393 hivi Papa Siricius akamtenga na kanisa, Askofu Ambrosi naye akamkataa kule Milano, na Hieronimo akamwandikia maneno makali juu ya ndoa kiasi kwamba rafiki yake mwenyewe Pammachius alijaribu kuzikusanya nakala zisisambae. Hata kwenye kile kitabu chake cha kumpinga Helvidius, mwishoni huko Hieronimo anaanza kueleza nyumba ya mwanamke aliyeolewa ilivyo na kelele, watoto wanalia, wapishi, hesabu za matumizi, eti kumwonyesha bikira alivyonusurika. Sasa hapo tunamzungumzia Maria kweli?

Nilitaka nimalizie hapo, kwamba fundisho zima la bikira daima limetoka kwa wanaume waliodharau ndoa. Lakini haliendi, na anayelizuia ni Luther wangu mwenyewe. Huyu alikuwa mtawa akaacha utawa, mwaka 1525 akamwoa Katharina von Bora ambaye naye alikuwa mtawa, wakazaa sita, akaisifia ndoa mpaka akapitiliza, na bado alishikilia kwamba Maria alibaki bikira. Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi, naye hivyohivyo, na alikuwa ameoa. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, mwaka 1749 alimwandikia Mkatoliki kwamba Maria alibaki bikira baada ya kumzaa kama alivyokuwa kabla (Wesley simtoi kama mfano wa ndoa, yake ilimshinda). Calvin, mwanamatengenezo mwingine, yeye aliona hao ndugu kwenye Injili hawathibitishi kitu. Kwa hiyo mtu anaweza kuliamini bila kumdharau mke wa mtu, na anaweza kulikataa akatudharau vizuri tu, mwalimu wetu alifanya hivyo mchana kweupe.

Jibu langu basi: si lazima, Biblia haijanibana hapo. Ila mkiniambia nichague nani amfundishe binti yangu habari za Maria, nitamchagua yule dada ambaye hoja yake siikubali, kuliko mwalimu ninayekubaliana naye kuhusu Yakobo na wenzake. Kwa masharti lakini. Rozari asimfundishe bila kuniuliza. Na ile ya kwamba Maria alikuwa bikira kabla ya kuzaa, wakati wa kuzaa na baada ya kuzaa, ile ya katikati airuke. Kuna maandishi ya karne ya 2 yasiyomo kwenye Biblia ambamo mwanamke mmoja, Salome, anaingiza mkono kumpima Maria baada ya kujifungua na mkono unaungua, nilikunja uso wote. Kurani angalau inasema uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende. Hilo la wakati wa kuzaa mimi sijadiliani na Hieronimo, wala na Jovinianus, wala na mtu yeyote ambaye hajawahi kuingia leba.